Nani amemfuata mwenzake? Kiwanja, mchoro na haki ya kujenga Tanzania

Ukisafiri kwa basi kwenye barabara kuu za Tanzania utaziona alama za X zilizopakwa ukutani, nyingine nyekundu, nyingine za kijani. Msafiri anazipita bila kujali. Mwenye nyumba anaijua tofauti yake vizuri sana. X nyekundu maana yake wewe ndiye uliyeifuata barabara: umejenga ndani ya hifadhi yake, yaani ukanda wa pembeni uliotengwa kwa ajili ya barabara, utabomoa, na hulipwi kitu. X ya kijani maana yake barabara ndiyo iliyokufuata wewe: ulikuwapo kihalali kabla mpaka haujasogezwa, na kabla hujaondoka unastahili fidia.

Rangi hizo mbili zimezaliwa na sheria moja. Kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ilihesabiwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria hiyo ikaipeleka hadi mita 30. Watu waliolala nje ya hifadhi wakaamka wamo ndani, katika ukanda wa mita saba na nusu ambao jana ulikuwa uwanja wao wa kuanikia nguo. Aliyejenga mita 20 kutoka katikati ya barabara ana X nyekundu. Jirani yake wa nyuma, aliyejenga mita 25, ana ya kijani. Nyumba zao zinaweza kuwa za tofali zilezile na za mwaka uleule.

Hata kanuni hiyo ina sehemu isiyofuatwa. Barabara ya Morogoro, inayotoka Dar es Salaam, kipande cha Kimara kuelekea Kibaha, ilikuwa na hifadhi yake ya tangu zamani: mita 121.5 kila upande. Mwaka 2017 tingatinga zilipopita Kimara na Mbezi, mamia ya nyumba zilianguka, na miongoni mwa wenye nyumba hizo walikuwapo waliokuwa wakilipa kodi ya majengo na kuunganishiwa umeme na maji kwa miaka mingi. Serikali ilisimamia jibu moja, kwamba wao ndio walioifuata barabara.

Ninaanza na barabara kwa sababu hapo jambo linaonekana kwa macho. Swali hilohilo la nani amemfuata mwenzake limo ndani ya kila kiwanja nchini, hata kile kilicho katikati ya mihogo, mbali na lami. Mtu anaponunua ardhi hujiuliza kama muuzaji ndiye mwenye mali. Ni swali zuri, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni hii: mpango wa mji ulikutangulia hapo, au wewe ndiye uliyeutangulia? Haki yako ya kujenga, ya kulipwa, ya kukopea na hata ya kubaki inategemea jibu la swali hilo zaidi ya inavyotegemea pesa uliyotoa.

Turudi nyuma kidogo, lakini kwa haraka. Wajerumani walitangaza mwaka 1895 kwamba ardhi ya koloni lao ni mali ya dola. Waingereza wakaja na sheria ya mwaka 1923 iliyoiweka ardhi yote chini ya gavana. Baada ya uhuru, mwaka 1963, umiliki wa milele wa ardhi ulifutwa. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 2001, zimeendeleza msingi uleule: ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachopata wewe ni haki ya kuitumia kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na kwa masharti. Ndiyo maana hati yako ina ukurasa wa masharti ambao wengi hawausomi: matumizi yaliyoruhusiwa, kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka, na muda wa kuendeleza, ambao kwa kawaida ni miezi 36. Mwenye ardhi ya umma anakukabidhi sehemu yake na anakuambia uifanyie nini.

Ardhi hiyo imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Miji imo kwenye ardhi ya jumla. Mji unapokua, hauna pa kwenda isipokuwa kijijini. Hapo ndipo fundo lilipo, na nitakaa hapo kwa muda.

Shangazi yangu alinunua shamba upande wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Nasema shamba kwa sababu ndivyo lilivyoitwa siku ya mauziano, ingawa lilikuwa hatua 20 kwa 20. Ni hatua kweli, za miguu: dalali alitembea mbele akihesabu kwa sauti, shangazi nyuma yake, muuzaji akikata majani kwa panga kuonyesha kona. Kwenye kona walipanda minyaa. Wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili kila upande, muhuri wa serikali ya mtaa ukagongwa. Kwa shangazi, na kwa kila mtu aliyekuwa pale, ile ilikuwa ardhi yake kuanzia saa ile.

Kwa sheria alikuwa nayo kweli, kwa namna fulani. Haki ya kimila haitegemei karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema wazi kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa kwa kila hali na ile inayotolewa na serikali kuu. Shida huanza pale eneo linapotangazwa kwenye Gazeti la Serikali kuwa eneo la mipangomiji. Gazeti hilo haliuzwi kwenye meza ya magazeti ya Chanika.

Mwaka 1990 ilitoka hukumu ambayo kila mkazi wa pembezoni mwa mji angepaswa kuisikia. Ilisema kwamba eneo likishatangazwa kuwa la mipangomiji, likapimwa na viwanja vikakatwa, aliyekuwa akilishikilia kimila anapaswa kukimbilia kuomba amilikishwe rasmi. Akizubaa na kiwanja kikapewa mtu mwingine, machoni pa sheria yeye ndiye mvamizi. Mtu aliyezaliwa hapo, na baba yake amezikwa hapo, mvamizi! Miaka minne baadaye Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa uamuzi mwingine mkubwa, ingawa kesi yake haikuwa ya mjini. Ilisema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuondolewa bila fidia ya haki. Ukiziweka hukumu hizo mbili pamoja unapata hali halisi ya mtu wa pembezoni: mali yake inalindwa, lakini mji ukishafika anadaiwa aamke na aifuatilie. Asiyekuwapo na lake halipo.

Sasa huo mji unafikaje? Kwa karatasi, kabla ya tingatinga. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1956, inazipa halmashauri za majiji, manispaa, miji na wilaya kazi ya kupanga. Juu kabisa kuna mpango kabambe unaoonyesha mji mzima utakua kuelekea wapi. Chini yake kuna mipango ya kina, ambayo maofisa na madalali huiita kwa kifupi mchoro. Mchoro wa mipangomiji ndio unaosema hapa makazi, pale biashara, hapa shule, pale makaburi, hili eneo la wazi, hii barabara. Sheria inataka wananchi washirikishwe kabla haujapitishwa. Ukishaidhinishwa unapewa namba, na kuanzia hapo ndio unaotawala. Baada ya mchoro anakuja mpimaji na vifaa vyake, anasimika bikoni, zile alama za mipaka kwenye kona za kiwanja, na ramani ya upimaji inaidhinishwa. Hatua ya mwisho ni umilikishaji: ofisi ya ardhi inaandaa hati.

Wizara ina msemo wake kwa mtiririko huu: kupanga, kupima na kumilikisha, KKK. Kwa watu wengi wa mjini maisha yamekwenda kinyumenyume. Tunamiliki kwanza, tunajenga, ndipo tunapimiwa, na mwisho kabisa mtu anakaa chini kupanga. Sidhani kama hiyo inatokana na ukaidi wa wananchi. Dar es Salaam ilichorewa mipango kabambe mwaka 1949, 1968 na 1979, kisha ikakaa miongo kadhaa ikiishi na huo wa mwisho. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu milioni nne na nusu walioongezeka hapo katikati walilazimika kulala mahali fulani wakati mchoro unasubiriwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi kwenye maeneo yasiyopangwa. Idadi kubwa kiasi hicho ikiwa nje ya mpango, mimi nasema mpango ndio uliochelewa.

Serikali ilijaribu kukimbia mbele ya watu. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulitwaa mashamba ya watu pembezoni mwa Dar es Salaam, wakalipwa fidia, kisha yakapangwa na kupimwa kabla ya kuuzwa. Mbweni, Bunju, Toangoma, Kibada, Buyuni: ukipita huko leo unaona barabara zilizonyooka na nafasi ya gari la zimamoto kugeuza. Huo ndio mji unaotangulia watu. Lakini viwanja elfu ishirini kwa jiji linaloongezeka kwa kasi ile vilikuwa kama ndoo moja ya maji kwenye msiba, na wengi wa waliotwaliwa mashamba yao walisogea mbele kidogo na kujenga tena bila mpango.

Ikabaki njia ya pili, urasimishaji. Sheria ya 2007 inaruhusu eneo lililojengwa holela litangazwe kuwa la kurasimishwa: mchoro unachorwa juu ya nyumba zilizopo, barabara zinapenyezwa panapowezekana, kila mmoja anapimiwa alipo. Kuna jambo ambalo wananchi wengi hulisikia wakiwa wameshachelewa. Katika urasimishaji, ardhi ya barabara na huduma kwa kawaida inatoka kwenu wenyewe, na halipwi mtu. Mnakubaliana kila mmoja aachie kipande. Fidia inahusu serikali inapotwaa, na hapa wazo la msingi ni kwamba mnaupanga mtaa wenu kwa faida yenu.

Mtaani kwa shangazi kikao kilifanyika chini ya mwembe wa shule. Kampuni ya upimaji ilileta vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa. Wakaeleza gharama kwa kila kiwanja, watu wakachanga kwa mafungu, risiti zikatolewa. Baada ya miezi kadhaa mchoro wa rasimu ukabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Shangazi alinipigia simu nikasome naye. Karatasi kubwa, mistari myembamba, kila kiboksi na namba yake. Tulitafuta nyumba yake kwa kuanzia kisimani, tukahesabu viboksi kwa kidole. Mstari wa barabara ya mita sita ulipita juu ya jiko lake la nje na kuacha nyumba salama. Alisimama pale muda mrefu kisha akaniuliza, "Mwanangu, na huyu wa upande wa pili mbona hajaguswa?" Lilikuwa swali sahihi kabisa. Barabara ingeweza kugawanywa, mita tatu huku na mita tatu kule. Rasimu hubandikwa ili swali kama hilo liulizwe, na muda wa kuuliza ni kabla mchoro haujaidhinishwa. Aliandika barua, akaipeleka kwa mwenyekiti, nakala kwa afisa mipangomiji wa halmashauri. Mstari ukasogezwa. Jiko halikupona lote, lakini alibakiwa na stoo ya mkaa.

Kisha kampuni ikanyamaza. Simu haipokelewi, vijana wa vizibao hawaonekani, fedha za watu zimo mikononi mwao na bikoni hazijasimikwa. Malalamiko ya namna hii yamesikika mikoa mingi, mpaka mawaziri wa ardhi kwa nyakati tofauti wamelazimika kuyaingilia hadharani. Kwa maoni yangu kosa kubwa liko kwenye mpangilio wa malipo: wananchi walichangia karibu yote mwanzoni, na kazi ambayo ndiyo ngumu, ya kupeleka ramani hadi iidhinishwe, iko mwishoni. Mtaa unaoanza leo ungefanya vyema kulipa kwa hatua. Fungu la kwanza mchoro ukiwa ubaoni, la pili ukiidhinishwa, la tatu bikoni zikiwa ardhini, la mwisho ramani ya upimaji ikipata namba.

Hapa niseme neno kuhusu leseni ya makazi, maana imewachanganya wengi. Tangu mwaka 2004 serikali ilianza kutoa leseni hizo kwa wakazi wa maeneo yasiyopangwa ya Dar es Salaam. Leseni inakutambua kuwa unakalia kipande fulani kwa muda mfupi, inaweza kuhuishwa, na zipo taasisi za fedha zilizoipokea kama dhamana. Hati ni kitu kingine: ya miaka mingi, juu ya kiwanja kilichopangwa na kupimwa. Vilevile barua ya toleo, ile ambayo wengi wanaiita ofa, ni ahadi ya kumilikishwa yenye masharti na malipo ya kukamilisha. Nimeona watu wakiuziana kwa ofa ya miaka ishirini iliyopita ambayo malipo yake hayakukamilishwa kamwe.

Tuseme sasa hati unayo. Je, unaweza kujenga unachotaka? Hapa ndipo waendelezaji wakubwa kwa wadogo wanapojikwaa, kwa kudhani hati inamaliza mambo yote. Hati inakupa ardhi kwa matumizi yaliyoandikwa. Kama imeandikwa makazi, huwezi kuamka ukajenga kituo cha mafuta au ukumbi wa harusi. Kubadili matumizi ni maombi yanayojitegemea: unaomba halmashauri, tangazo linatolewa ili majirani wapate nafasi ya kupinga, ombi linajadiliwa na kupanda ngazi hadi mamlaka za ardhi. Jirani yako ana sauti hapo, na wewe una sauti kwenye ombi lake. Tangazo la gazetini lenye namba ya kitalu unachoishi lisome, hata kama limejificha chini ya matangazo ya minada.

Juu ya hati na matumizi kuna kibali cha ujenzi, kinachotolewa na halmashauri baada ya kukagua michoro ya jengo. Nyumba ya ghorofa inataka pia michoro ya uimara ya mhandisi aliyesajiliwa, na miradi mikubwa inataka tathmini ya athari kwa mazingira. Idadi ya ghorofa zilizoandikwa kwenye kibali ina uzito wa uhai. Tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Lilikuwa limeshafika ghorofa 16, nyingi kuliko zilizoruhusiwa. Waliokufa hawakuwa wajenzi peke yao. Walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Ninapomsikia mtu akiita kibali "karatasi za halmashauri tu", wanakuja akilini wale watoto.

Kuna pia mipaka isiyoonekana kwenye hati yako hata kidogo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufuko wa bahari. Mtu anaweza kununua bonde zuri la kijani wakati wa kiangazi, kwa bei inayompa moyo, asijue ananunua njia ya maji. Wakazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wanaweza kumweleza masika huwaje.

Na wanaojenga fleti za kuuza wana sheria yao, ya umiliki wa sehemu za majengo, Na. 16 ya mwaka 2008. Kabla ya hapo jengo lilikuwa na hati moja, na aliyenunua fleti ya ghorofa ya nne alibaki na mkataba na imani. Sasa kila sehemu inaweza kuwa na hati yake, na ngazi, lifti, paa na maegesho vinabaki mali ya pamoja chini ya chama cha wamiliki. Ukiuziwa fleti, uliza hati ya sehemu iko hatua gani. Kama mwenye jengo hajapeleka mpango wa sehemu kusajiliwa, anachokuuzia bado ni ahadi.

Nimeacha fidia mpaka hapa kwa sababu ndiko swali la nani amemfuata mwenzake linakogeuka kuwa shilingi. Sheria ya kutwaa ardhi ni ya mwaka 1967, na inampa Rais uwezo wa kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma. Kwa miaka mingi aliyehamishwa alilipwa maendelezo tu: nyumba, minazi, mikorosho. Ardhi tupu ilihesabiwa haina bei. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilibadilisha hilo kwa kutamka kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zikaeleza vifungu vyake: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya nyumba ya miezi 36, faida iliyopotea kwa mwenye biashara, na usafiri wa tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilomita 20. Mtu anayethaminiwa anapaswa kuvijua vifungu hivi kimoja kimoja, maana fomu ikikosa kimoja hakuna atakayekikumbuka kwa niaba yake.

Siku ya uthamini ina sura yake. Mthamini anapima nyumba kwa futi, anahesabu miti, anaandika choo ni cha aina gani. Halafu mwenye mali anasimamishwa mbele ya nyumba yake akiwa ameshika kibao chenye namba, anapigwa picha. Kaa mbele ya kamera ukiwa wewe mwenye mali. Familia nyingi zimeingia kwenye ugomvi wa miaka kwa sababu aliyeshika kibao siku ile alikuwa mpangaji, au kaka mdogo aliyebaki nyumbani.

Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 iliongeza saa kwenye ukuta: fidia ilipwe ndani ya miezi sita, ikichelewa ianze kuzaa riba, na uthamini wenyewe unakufa baada ya miaka miwili, yaani baada ya hapo unatakiwa ufanyike upya. Ni kifungu kilichotokana na maumivu. Wakazi wa Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, wanayajua. Mwaka 2008 serikali ilitangaza kujenga mji mpya upande wao na kuzuia uendelezaji. Ukaundwa wakala maalumu wa kuusimamia, ramani za kupendeza zikaonyeshwa, na watu wakakaa hawajengi, hawaongezi chumba, hawapati mnunuzi, wala hawalipwi. Baada ya karibu miaka kumi wakala ulivunjwa na kazi ya kupanga ikarudi halmashauri. Fikiria nyumba ambayo ukuta wake umepasuka na mwenyewe hathubutu kununua mfuko wa saruji, kwa sababu hajui kama kesho ni yake. Mpango ulitangazwa na haukufika, na aliyebeba gharama ya kuusubiri ni mkazi.

Kilichobadilika karibuni ni sera. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 imeandikwa upya katika toleo la mwaka 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma Machi 2025. Kabla yake ofisi za ardhi zilishasogezwa mikoani, ili hati isilazimike kusafiri hadi kanda au wizarani, na kumbukumbu zinahamishiwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Halmashauri nazo zimekopeshwa fedha bila riba ili zipange na kupima kabla watu hawajafika. Sera haikupi haki mahakamani, sheria ndiyo inayokupa, kwa hiyo macho yawe kwenye marekebisho ya sheria yatakayoifuata. Kipimo changu ni kimoja: je, siku mtu anapotoa pesa kwa dalali, ataweza kuuona mchoro wa eneo lile kwenye simu yake bila kupanda magari mawili hadi ofisini?

Mpaka hilo liwe jambo la kawaida, panda hayo magari mawili. Nenda kwa afisa mipangomiji, mtajie kitalu au mwonyeshe eneo, muulize kama limetangazwa, kama lina mchoro ulioidhinishwa, kipande chako kimepangiwa nini. Kama kimepimwa, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi rasmi, uone jina la mmiliki, rehani, zuio la mahakama. Kama hakijapimwa, mlipe mpimaji aliyesajiliwa achukue majira ya kona zake, yaani namba zinazoonyesha zilipo kwenye ramani, na kuyaweka juu ya michoro iliyopo. Ni gharama ndogo ukilinganisha na tofali elfu tatu.

Mwaka jana mwanawe shangazi alipata kiwanja mbele zaidi, karibu na shule mpya, bei nzuri, na alishatoa kishika uchumba. Shangazi alimwambia asubiri. Asubuhi ya Jumatatu akafunga kanga, akapanda gari, akakaa kwenye benchi la halmashauri hadi saa sita. Alipoonyeshwa mchoro hakuhitaji mtu wa kumsomea. Aliweka kidole kisimani, akahesabu viboksi, akafika kwenye kiwanja cha mwanawe. Kilikuwa kimepakwa kijani, na juu yake imeandikwa eneo la wazi. Kishika uchumba kilirudishwa kwa mafungu mawili, la pili likiwa pungufu kidogo.